Nikizubaa ndo mawazo yanakuja: maswali yenu kuhusu ubongo uliopumzika

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, pembeni kabisa, kwamba ubongo wa mtu aliyekaa bure haujazima, na kwamba kuna watu kazi yao ni kuupima ukiwa hivo hivo umetulia ili wajue kwanini fulani ana ubunifu na jirani yake hana. Mistari miwili jamani. Meseji zilizoingia mpaka simu ya ofisini ikawa inaganda. Nimechagua sita, mlioandika kwa herufi kubwa tupu mnisamehe, macho yananiuma.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi fundi cherehani niko Temeke, nashona nguo za kike na sare za harusi. Shida yangu moja, mteja akikaa mbele yangu na kitambaa chake akaniambia nimbunie mshono kichwa kinakuwa cheupe, hamna kitu, naishia kumwonesha picha za kwenye simu. Ila jioni nikishafunga nikakaa nje kwenye benchi naangalia magari, siwazi chochote, ghafla mshono unakuja mzima mzima, mkono ukoje, zipu ikae wapi. Mume wangu anasema nazubaa, iko siku nitaibiwa cherehani na mimi nimekaa hapo hapo. Huku kuzubaa ni kipaji au ugonjwa? Na ni kweli wanaweza kumpima mtu akiwa amekaa tu wakajua kama mbunifu?

JIBU: Ugonjwa hapana, na shemeji mwambie anunue mnyororo aifunge cherehani, mengine atuachie sisi.

Tuanzie kwenye luku. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote mwili unazotumia ukiwa umetulia. Sasa mtu angedhani ukianza kupiga hesabu ngumu ndo uniti zinakimbia, kumbe wapi, nyongeza haifiki hata asilimia 5. Yani bili kubwa unalipa ukiwa umekaa kwenye hilo benchi lako unaangalia magari, na swali lililowasumbua watu miaka mingi ni hilo, kama hafanyi kitu, nguvu yote hiyo inaenda wapi?

Wa kwanza kuchungulia alikuwa daktari mmoja wa magonjwa ya akili kule Jena, Ujerumani, anaitwa Hans Berger. Mwaka 1924 alifanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu akiwa nje ya fuvu, akakaa nayo miaka mitano ndo akachapisha, 1929. Alichokiona ni kwamba mtu akifumba macho akatulia, yanatokea mawimbi makubwa ya taratibu, kama kumi hivi kwa sekunde, akifumbua tu yanapotea. Ndo haya yanaitwa mawimbi ya alfa, na ukienda leo hospitali kupimwa EEG, yani hicho kipimo cha umeme wa ubongo kwa waya za kubandika kichwani, bado watakwambia fumba, fumbua, fumba. Huyu Berger kilichomsukuma sasa! Alipokuwa kijana jeshini alianguka na farasi akaponea chupuchupu kusagwa na gurudumu la mzinga, na siku hiyo hiyo ikaja telegramu kutoka kwao, dada yake kasikia moyoni kwamba kaka yuko hatarini. Jamaa akaamini mawazo yanasafiri, akaamua ayatafute. Hayo ya kusafiri hakuyapata, akapata alfa.

Ukaja wakati wa mashine za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. 1995 kijana mmoja wa kule Wisconsin, Marekani, Bharat Biswal, alipima watu wamelala kwenye mashine hawafanyi lolote, akakuta sehemu inayoongoza mkono wa kulia na inayoongoza mkono wa kushoto zinapanda na kushuka pamoja, taratibu, na vidole havijagusa kitu. Wengi waliona hayo ni makelele ya mashine tu. Kisha 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis wakaeleza kitu cha ajabu zaidi, kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo ukimpa mtu kazi zinashuka, ukimwacha zinapanda. Ziko katikati nyuma ya paji la uso, katikati kwa nyuma, na pembeni kule nyuma juu ya masikio. Zinashirikiana kama mtandao mmoja, wakauita mtandao wa difolti, yani ule unaowaka wenyewe usipowasha kingine. Kazi zake ni kukumbuka ya jana, kujenga picha ya kesho, kuwaza fulani ananionaje, kuunga kitu hiki na kile ambavyo havikuwahi kukaa meza moja.

Mi huu mtandao nauita konda. Ananing'inia mlangoni, anaona kila kitu, anapiga mluzi, anatania abiria, anakumbuka nani hajalipa. Halafu kuna mtandao mwingine, wa udhibiti, huyo ndo dereva, macho mbele, anachagua njia, anakataa upuuzi. Kwa kawaida hawa hawaongei pamoja, mwaka 2005 ilioneshwa kwamba hata mtu akiwa amepumzika konda akipanda upande wa dereva unashuka, na kinyume chake.

Sasa hapa ndo penye swali lako. 2014 Roger Beaty na wenzake walichukua watu waliofanya vizuri kwenye majaribio ya ubunifu na waliofanya vibaya, wakawapima wakiwa wamelala tu. Kwa wale wabunifu konda alikuwa ameungana zaidi na sehemu moja ya mbele kushoto ambayo ni ya udhibiti, na angalia, hapo hakuna aliyeambiwa abuni chochote, wamelala. Kabla yake kidogo, 2012, wajapani wa Sendai walishaona kwamba mbunifu anakuwa na muungano mkubwa zaidi kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma ya huyo huyo konda. 2018 Beaty akarudi na watu 163, safari hii wakibuni ndani ya mashine, akatafuta ramani ya miungano inayoweza kutabiri alama za mtu, kisha akaijaribu kwa watu wengine wakiwemo wa Austria na China, ikakubali kiasi.

Ila utafiti ninaoupenda mimi ni wa Januari 2025, sababu ni mkubwa kuliko zote hizo, watu 2,433 kutoka makundi kumi ya Austria, Kanada, China, Japani na Marekani, wote wakiwa wamepumzika. Humo hawakuuliza konda na dereva wameungana kiasi gani kwa wastani, waliangalia wanapokezana mara ngapi. Mara wamekaa pamoja, mara wametengana, mara pamoja tena. Waliokuwa na kupokezana kwingi ndo waliopata alama kubwa za ubunifu, na cha kufurahisha huko kupokezana hakukutabiri akili za darasani. Halafu ukizidisha upande mmoja inaharibika, wenye alama nzuri walikuwa katikati, sio konda tupu anayepiga kelele gari haliendi, wala dereva tupu asiyesimama kituo.

Kwaiyo ukiniuliza kama kuzubaa kwako ni kipaji, jibu langu ni kwamba kuzubaa peke yake kila mtu anako. Cha kwako ni kwamba kwenye benchi mshono ukija unaukamata, unajua zipu ikae wapi, hapo dereva kashashika usukani. Na usisahau mteja kakuachia kitambaa kichwani mchana kutwa, hukukaa pale mtupu. Kuhusu kile cha kuja ghafla, kuna John Kounios na wenzake 2008 waliwapima watu EEG wakiwa wamekaa tu kabla hawajajua watapewa mafumbo ya herufi, baadae wakaangalia nani alitatua kwa kuja ghafla na nani kwa kupiga hatua hatua, wakakuta mawimbi ya mapumziko yalikuwa yameshatofautiana tangu mwanzo. Yani wewe wa benchi na fundi mwenzio anayechora kwa rula mnaweza mkatofautiana hata kabla mteja hajafika.

Kama mtu anauliza ni konda kweli au ni bahati mbaya tu vinaenda pamoja, 2024 Marekani walitumia wagonjwa wa kifafa ambao tayari walikuwa wamewekewa nyaya ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao. Walipopitisha umeme kidogo kuuvuruga ule mtandao wa difolti, majibu yao ya ubunifu yakawa ya kawaida kawaida, upekee ukashuka. Kutangatanga kwa mawazo hakukubadilika. Hilo la mwisho lilinishangaza kidogo, manake kumbe kuota mchana na kubuni sio kitu kimoja, hata kama vinakaa nyumba moja.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, niko Mombasa. Mwalimu wetu wa sanaa hutuambia kuna watu wa ubongo wa kulia, ndio wasanii, na watu wa ubongo wa kushoto, ndio wa hesabu. Mie napenda hesabu na napenda kuchora. Sasa mie ni wa wapi?

JIBU: Wa Mombasa. Mdogo wangu hiyo habari ya kulia na kushoto ilianzia kwenye kitu cha kweli, kwa watu wengi lugha kwa mfano imeegemea zaidi kushoto, kisha ikanyooshwa mpaka ikakatika. 2013 chuo kikuu cha Utah walichukua picha za ubongo uliopumzika za watu zaidi ya 1,000, wakaugawanya ubongo vipande maelfu, wakatafuta mtu ambaye upande wake mmoja wote una nguvu kuliko mwingine. Hawakumpata. Vipande vidogo vidogo vinaegemea huku na huku, ila mtu mzima mzima wa kulia, hakuna. Na huyo konda niliyemsema hapo juu yuko pande zote mbili, kulia na kushoto, na nguzo zake kubwa ziko katikati kabisa. Mwalimu usimbishie darasani lakini, msubiri kwenye korido umwambie kwa adabu.

SWALI: Dada mi naomba kujua, hao wanaopimwa wanaambiwa "pumzika" halafu inakuwaje? Maana mimi nikiambiwa usiwaze kitu ndo nawaza kila kitu. Dereva bodaboda, Dodoma.

JIBU: Swali zuri kuliko unavyodhani, nimelipenda mpaka nimelisoma mara mbili.

Inakuwa hivi. Unavua saa, hereni, mkanda, chochote cha chuma. Unalala chali kwenye kitanda chembamba, kichwa kinawekwa kwenye kitu kama kizimba, pembeni wanashindilia sponji kichwa kisicheze, masikioni unawekewa vya kuziba manake hiyo mashine inagonga kama mtu anayekata bati kwa nyundo. Unasukumwa ndani. Mbele yako kuna msalaba mdogo kwenye skrini, unaambiwa uangalie huo msalaba, usiwaze kitu maalum, usilale. Dakika tano, nane, kumi. Basi.

Wewe unafikiri ndani mle watu wanatulia? Mmoja pua inamuwasha, mwingine anawaza kama gari alilifunga, mwingine njaa. Na wengi wanalala! 2014 wanasayansi wawili walichunguza EEG za watu wakiwa ndani ya mashine na kazi yao ni kupumzika tu, wakakuta kama theluthi moja walishaanza kusinzia ndani ya dakika tatu. Dakika tatu bwana. Kwaiyo kuna tafiti huko nyuma ambazo walidhani wanapima tofauti za ubongo wa watu kumbe nyingine ni tofauti za nani kalala. Na kichwa nacho, 2012 ikaonekana kwamba mtu akitikisa kichwa kidogo tu, hata sehemu ndogo ya milimita, inatengeneza miungano ya uongo kwenye picha, sehemu za karibu zinaonekana zimeshikana kuliko uhalisia na za mbali zinaonekana zimeachana. Ilibidi watu warudi wakasafishe data zao upya, na sidhani kama walifurahi.

Kwaiyo ukisikia "ubongo uliopumzika" usipige picha ya mtu kwenye kitanda cha kamba chini ya mwembe. Ni mtu kwenye bomba lenye kelele anajitahidi asijikune. Cha ajabu ni kwamba pamoja na vurugu zote hizo, ile ramani ya mitandao inajirudia, ukimpima leo na ukimpima mwezi ujao inafanana na yake mwenyewe kuliko ya mwenzie. Ndo maana wanaendelea.

Na wewe unayewaza kila kitu ukiambiwa usiwaze, tafadhali uwe unawaza barabara ukiwa na abiria.

SWALI: Samahani dada, hao watu wako wanasema ukikaa bure mawazo ya ubunifu yanakuja. Mi nikikaa bure nakuwa na MAWAZO, unajua namaanisha nini. Ada, kodi, maneno ya mawifi. Sijawahi kubuni kitu. Au konda wangu mbovu? Mama wa watoto wawili, Morogoro.

JIBU: Dada yangu umegusa penyewe. Sisi kwenye lugha yetu ukisema fulani "ana mawazo" hakuna atakayekuuliza mazuri gani, watauliza kapatwa na nini. Neno ni moja kwa vitu viwili, na nikikumbuka kilichoko kwenye ubongo naona wazee hawakukosea sana.

Manake ni konda yule yule. Mtandao unaounganisha vitu vya mbali ukapata mshono ndo huo huo unaochukua maneno ya wifi ya Jumapili ukayapiga mara arobaini, kila mara ukijiongezea jibu ambalo ungempa. Watafiti wa sonona wamekuwa wakiuhusisha mtandao wa difolti na hiyo tabia ya kucheua jambo moja, kulimeza na kulirudisha. Huyo konda si mbovu, ni mzima wa afya, ila amekamatwa na abiria mmoja mkorofi mlangoni, hana nafasi ya kuangalia wengine.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Singer, alitumia miaka mingi kuchunguza kuota mchana, na hakukubali kuweka yote kapu moja. Alitenganisha kule kuota kwa kuchezea picha na mipango, kule kwa kujilaumu na kuogopa, na kule kwa mtu kushindwa tu kutulia kwenye kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia "kaa bure utakuwa mbunifu" bila kuuliza ukikaa bure unawaza nini, kakuruka.

Sitokwambia ada isikuume, itakuuma. Ila kama haya mawazo yanakukosesha usingizi na hamu ya kula na yamevuka wiki mbili kila siku, nenda kituo cha afya ukawaeleze hivo hivo ulivyonieleza mimi, na usiseme tu kichwa kinauma, manake ukisema kichwa utapewa panadol urudi nyumbani.

SWALI: Kuna watu walikuja shuleni kwa mwanangu wanasema wanapima vipaji vya mtoto, wanachukua alama za vidole na kuna ya kuvaa kofia yenye waya, halafu unapewa ripoti mtoto atakuwa msanii au mhandisi. Bei imechangamka. Nilipe? Baba Arusha.

JIBU: Baba Arusha mimi hela yangu nisingetoa. Alama za vidole weka pembeni kabisa, zinamfaa polisi na kufungulia simu, kipaji hazijui. Tuongee kuhusu hiyo kofia.

Yote niliyoandika kwenye jibu la fundi wa Temeke ni habari za wastani. Ukichukua wabunifu mia na wasio wabunifu mia ukawalinganisha, tofauti inaonekana. Ukimchukua mtoto mmoja ukasema huyu yuko kundi gani, hapo ni kama kuangalia urefu wa mtu ukasema huyu anacheza mpira wa kikapu. Warefu wamejaa kule, sawa, lakini mjomba wangu ana futi sita na mbili na hajawahi kuugusa huo mpira, ni karani.

Mwaka 2022 walichapisha utafiti mmoja uliowatoa wengi jasho, uliongozwa na Scott Marek, walikusanya picha za ubongo za watu kama 50,000 kutoka miradi mikubwa mitatu, wakajiuliza ukitaka kuunganisha ubongo wa mtu na tabia au uwezo wake unahitaji watu wangapi mpaka jibu lisiyumbe. Jibu likawa maelfu. Na utafiti wa kawaida kwenye fani hiyo ulikuwa na watu kama 25! Ndo maana leo gazeti hili linasema hivi kesho lile linasema vile. Hata ule wa watu 2,433 niliousifia, uhusiano walioupata upo lakini ni wa kiasi, haukupi cheti cha mtu mmoja. Sasa kama hao wenye mashine za mabilioni na wataalamu wa takwimu hawajathubutu kumwandikia mtoto ripoti kwamba atakuwa mhandisi, huyo aliyekuja na kofia kwenye begi la mgongoni kayajulia wapi?

Na mtoto anabadilika. Mitandao yenyewe ya ubongo inaendelea kujishona mpaka ujana unaisha, unampima akiwa na miaka saba unaandika nini? Hiyo hela mnunulie rangi na madaftari, zikibaki mnunulie spana uone atashika nini.

SWALI: Hayo majaribio ya ubunifu yenyewe yakoje? Nataka nifanye nyumbani. Mwalimu mstaafu, Tabora.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Rahisi sana, huhitaji mashine. Mmarekani J. P. Guilford, ambaye mwaka 1950 aliwahutubia wanasaikolojia wenzake akawalaumu kwamba ubunifu wameutelekeza, ndo aliyeleta jaribio linalotumika mpaka kesho. Unampa mtu kitu cha kawaida, matofali ndo maarufu, unamwambia nipe matumizi mengine tofauti na ya kawaida, mengi uwezavyo, dakika mbili au tatu. Unahesabu ametoa mangapi, ni ya aina ngapi, na muhimu zaidi ni yapi ya peke yake, ambayo wengine hawakuyafikia. Zamani alama za upekee walitoa majaji watu watatu wanne wakabishana, siku hizi kompyuta inapima neno ulilojibu liko mbali kiasi gani na kitu chenyewe. Tofali na kujenga ni karibu, tofali na kumfundishia mtoto kunyanyua vitu vizito ni mbali kidogo.

Binafsi naona hilo jaribio linapima kipande tu, mtu anaweza kutoa matumizi thelathini ya tofali na asiwahi kumaliza kitu chochote maishani, ninao marafiki. Lakini ndo kipimo kilichotumika kwenye tafiti nyingi nilizotaja, kwaiyo mwalimu ukilijua hili unajua pia hizo ramani za ubongo zimelinganishwa na nini.

Ofisini tulijaribu juzi, tofali tukalikataa tukachukua kanga. Dakika tatu. Mhasibu wetu akaandika tano: kujifunga, kujitanda, kulalia, pazia, zawadi. Mimi nilifika kumi na moja nikajiona bingwa, nikiwa na ya kumpelekea jirani ujumbe bila kufungua mdomo, ambayo nilidhani ni ya peke yangu kumbe watu wanne walikuwa nayo. Akapita mama anayetuletea chai, tukampa karatasi, akasema sina mda maji yako jikoni, akaenda. Akarudi na chupa na karatasi yenye kumi na saba. Ngata, mbeleko, kuchujia tui, kutolea sufuria motoni, kuziba dirisha lililovunjika, kufungia mzigo, hizo wengine pia walikuwa nazo. Ila ya kumi na mbili aliandika "kupimia chumba", kwa vile kanga moja ni kama mita moja na nusu na yeye chumba anachopanga kabla ya kulipa anakizungushia kanga kwanza ajue kitanda kitaenea. Tulikuwa watu tisa, hakuna mwingine aliyeifikia hiyo.

Nikamuuliza, mama, hii umeiwazia wapi? Akasema sikuwa nawaza, nilikuwa nasubiri maji yachemke naangalia ukuta.

Mhasibu anataka marudiano Ijumaa, kwa stepla.